Fundi aliyezamisha asumini zangu

Nimeamka alfajiri baada ya mvua ya usiku kucha, nikafungua mlango wa barazani, nikakuta asumini zangu zimesimama majini kama mpunga wa Cheju. Ndipo nilipochukua simu kuandika haya, na hasira bado haijashuka.

Kabla ya masika nilimwita fundi anizungushie matofali vitalu vitatu vya maua mbele ya nyumba yangu hapa Fuoni, Unguja. Jina lake silitaji, ana watoto wa kulisha. Nilitaka matofali mekundu ya kuchoma, yale yanayovushwa kutoka bara, kwa sababu tofali letu la saruji ni kubwa mno. Ukilizungushia maua utadhani unaanza msingi wa chumba. Na maua yangu si pambo la wageni. Asumini hizo, mrehani na mawaridi ndiyo tunayotungia vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia wanavyojipamba wanawake. Kukiwa na harusi mtaani, wanawake wananipigia hodi tangu alasiri.

Kwanza nimtendee haki. Mkono anao. Alivuta uzi pembe hadi pembe, akachimba mtaro, akayalaza matofali mshazari, moja likiegemea jingine, ncha zake juu kama meno ya msumeno. Kila tofali aliligonga kwa kipini cha mwiko mara mbili tatu, kisha akainama, jicho moja kalifumba, kutazama kama limepanda kuliko mwenziwe. Nilikaa barazani nikimwangalia, roho imenifunguka kama mtoto siku ya Idd. Picha nilimtumia mdogo wangu aliyeko Wete, Pemba, hata kazi haijesha.

Jambo moja tu nilimwambia, na nilimwambia mara mbili: fundi, saruji usitie. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa bustani, nimekua nikimsaidia. Tofali la ukingo linafukiwa zaidi ya nusu yake, chini yake unashindilia udongo na kutandaza mchanga kiasi cha vidole viwili, halafu nyufa unazijaza mchanga mkavu kwa kuufagia. Basi. Maji ya mvua yanapita katikati ya matofali yanakwenda zake, na tofali likizama mwakani unaling'oa na kulipanga upya. Hapo kwangu pana haja zaidi, maana udongo wa mbele ya baraza umekanyagwa miaka na miaka, maji hayashuki upesi.

Nikenda zangu Mwanakwerekwe kununua samaki. Kurudi, nyufa zote zimezibwa kwa saruji, ndani na nje, imelainishwa vizuri, bado mbichi. Nikamwambia, fundi, sivyo tulivyoagana. Hakuinua hata kichwa.

"Bibie, wewe kapike, ujenzi niachie mie."

Kibarua wake akacheka. Kwenye kiwambaza changu, na mimi nimeshika kapu la samaki! Neno hilo linanirudia mpaka leo nikiwa naosha vyombo. Mtu nimemwamkia vizuri, chai ya asubuhi nimempa na maandazi, ananijibu kama mtoto aliyeingia kazini kwa watu. Na mimi nikanyamaza, nikamlipa yote.

Kwa kuwa nimeanza, niseme na la mchanga. Siku chache baadaye matofali yakaanza kutoa ungaunga mweupe. Nikachukua chembe za mchanga uliobaki pembeni, nikazitia ulimini. Chumvi tupu. Mchanga wa pwani huo, kautia kwenye kitalu cha mawaridi, na sasa majani yake yameungua ncha.

Masika yalipoingia, maji yakawa hayana pa kutokea. Vitalu vimegeuka mabirika matatu. Siku ya kwanza nilichota kwa kopo, siku ya pili nikampigia simu. Akaniambia, "Mvua sijaileta mie." Akakata.

Leo asubuhi nimemwita mtoto wa kaka yangu, kaja na tindo na nyundo. Tumevunja saruji sehemu nne upande wa chini, na ufa wa kwanza tu ulipofunguka maji yakatoka kama mfereji, mekundu, yakibeba mbolea niliyoitia kwa mikono yangu. Matofali mawili yamepasuka. Nimechimbua shina moja la asumini kuangalia: mizizi imekuwa myeusi na inanuka uozo. Mashina mawili mengine huenda yakapona, sijui.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema kwamba kwa ukuta au ngazi mtu anaweza kumwita, mkono wake mzuri, mwambie tu kwa maandishi unachotaka. Sasa nimerudi nje kutazama lile shina lililolala kwenye karai na maua yake bado meupe, na maneno hayo nayafuta. Usimwite hata kwa kuziba tundu la panya. Fundi asiyemsikiliza mwenye nyumba, huo mkono wake mzuri utanifaa nini?

Na mdogo wangu wa Wete, baada ya picha zile, aliniomba namba ya fundi, nami nilimpa. Nampigia tangu saa moja asubuhi, simu haipatikani. Alisema fundi angevuka kwa boti wiki hii.