Eraser, programu ya kufuta faili zisirudi: ni ya bure na inafanya kazi, ila usiiache iandike mara 35

Kazi yangu ni kupiga picha za arusi za wanawake hapa Lamu, na ni kazi ya stara. Usiku wa kupamba biarusi yuko kichwa wazi, hina na piko mpaka viwikoni, mashoga wanacheza, na mwanamume hata mlangoni hafiki. Huniita mimi kwa sababu wanajua picha zao hazitoki kwangu.

Basi nilipopata mteja wa laptopu yangu kuukuu, kijana wa Langoni, nilianza kufuta. Nilifuta nusu ya arusi, nikamwaga na pipa la taka la Windows, nikanywa chai yangu kwa raha. Mpwa wangu akanicheka. "Shangazi, hujafuta kitu." Akachomeka fleshi yenye Recuva, programu ya kurudisha faili zilizofutwa, akaiacha ichambue diski, na orodha ikaanza kushuka: majina ya faili zangu, moja baada ya jingine, na pembeni picha. Nilipomwona biarusi wa Mkomani nilimtoa yule mtoto chumbani mbiombio.

Kumbe unapofuta, Windows hulikata jina kwenye daftari la diski tu. Mpangaji mwenyewe yumo chumbani, mpaka aje mwingine apewe chumba kile. Kufomati kwa haraka nako ni vivyo hivyo, daftari jipya nyumba ile ile. Duka moja mjini lilinitaka shilingi 2,000 "kusafisha", nikauliza mnasafishaje, nikaambiwa kufomati haraka. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Eraser ni programu ya bure ya Windows. Badala ya kukata jina, inaandika takataka juu ya faili yenyewe, kisha ndiyo inaifuta. Ukishaiweka, unabofya faili kwa kitufe cha kulia na jina lake limo kwenye orodha. Ni nyepesi hivyo. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na sura yake ya kizamani, lakini sikuinunua nikaitundike ukutani.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuiacha kama ilivyokuja. Kwa faili, imepangwa kuandika mara 35, njia ya mtaalamu wa kompyuta Peter Gutmann ya mwaka 1996. Nikaipa folda ya arusi zilizobaki, GB 80, baada ya isha. Alfajiri naamka, haijafika hata nusu, na laptopu inaunguruma imepata moto kama jiko. Kisha umeme ukakatika, betri yenyewe ilishakufa zamani. Baadaye ndipo nikasoma kwamba Gutmann mwenyewe alieleza kuwa mara zote 35 hazina maana kwa diski za siku hizi, kwa kuwa alizikusanya ili zifae diski za aina nyingi za zamani. Kwa diski inayozunguka, kuandika mara moja kunatosha. Nikaingia kwenye mipangilio nikachagua mara moja. Folda nzima ikaisha kabla sijamaliza kupika mchuzi.

Zile nilizokwisha kuzifuta mwanzo zinataka kazi nyingine: unaiambia ipitie nafasi tupu ya diski. Hiyo ilichukua tangu adhuhuri hadi magharibi. Kisha nikairudisha Recuva, peke yangu safari hii, mlango nimeufunga. Ilileta majina ya ovyo ovyo, na hakuna lililofunguka.

Nilikaribia kuiuza hapo. Bahati nikakumbuka kwamba Windows huweka vijipicha vidogo vya kila folda yenye picha unayoifungua, mahali pake mbali, na Eraser haikuvigusa kwa sababu sikuiambia. Ni vidogo, lakini uso unatambulika. Nikavifuta kwa kile kifaa cha Windows cha kusafisha diski, kisha nikapitisha Eraser kwenye nafasi tupu mara ya pili. Siku nyingine nzima imekwenda. Programu ya kazi hii ingefaa ikukumbushe jambo hilo, nami naikata nyota moja kwa hilo.

Wenye SSD, zile diski za chipu zisizozunguka, hii si yenu. Diski hizo hujipangia zenyewe pa kuandika, hivyo unadhani umeandika juu ya picha kumbe umeandika kando, na ile ya zamani inaweza kuwa imebaki. Laptopu yangu mpya ni ya SSD, na tangu siku ya kwanza nilifunga diski yote kwa nywila kwa programu ya VeraCrypt, nayo ni ya bure, kabla ya kuingiza hata arusi moja.

Nyota nne. Laptopu ilikwenda kwa shilingi 14,000. Kadi za zamani za kamera yule kijana alizitaka pia, nazo hazina tofauti kubwa na SSD. Nilimwambia zimepotea, nikazikata kwa mkasi wa bati.