Uzoefu wangu wa leza ya macho nikiwa mkazi wa Dodoma, na kwa nini mdogo wangu alikataliwa

Nilifanyiwa upasuaji wa leza katika kliniki binafsi Dar es Salaam, na sasa naona vizuri bila miwani. Namba yangu ya miwani ilikuwa -6 macho yote mawili, yaani sikuona mbali. Nimeridhika sana. Ila watu wanaonifuata hapa Dodoma wanauliza bei, halafu wanauliza kama inauma. Mimi nawaambia waanze na vipimo, kwa sababu hapo ndipo daktari makini anapoonekana.

Nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, tumepanda treni ya SGR wote tukiamini tutafanyiwa. Nilikuwa nikivaa lenzi laini za kubandika jichoni mara kwa mara, na walishaniambia niziache wiki mbili kabla, maana zinabadilisha umbo la konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kipimo kinadanganya. Siku yenyewe ya vipimo ilikuwa ndefu. Walipima unene wa konea, wakaichora ramani yake kwa mashine. Wakapima presha ya macho, machozi, na upana wa mboni gizani. Mwisho wakatutia matone ya kupanua mboni ili waone retina, utando wa nyuma ya jicho.

Daktari, mtu mzima sana, alianza na mdogo wangu. "Mwanangu, jicho lako siligusi kwa leza." Ramani ilionyesha keratokonusi inayoanza: konea inakonda na kuchongoka mbele. Leza hufanya kazi kwa kupunguza konea, na konea iliyo dhaifu ikipunguzwa inazidi kutuna na uoni unaharibika zaidi. Kisha akamuuliza kama ana tabia ya kufikicha macho. Anayo tangu utotoni! Tumekulia Nkuhungu, na kila kiangazi macho yake yalikuwa mekundu na yanawasha kwa aleji. Nyumbani tuliona ni jambo la kawaida, lakini kufikicha kwa nguvu kwa miaka mingi ni moja ya mambo yanayohusishwa na ugonjwa huo. Aliandikiwa matone ya aleji na akapangiwa tiba ya kukaza konea, ambapo jicho hutiwa matone ya vitamini B2 na kumulikwa mwanga wa urujuanimno. Tiba hiyo haifuti miwani. Inazuia ugonjwa usiendelee. Wazazi wenye mtoto anayefikicha macho kutwa, tafadhali mpelekeni akaonwe mapema. Mdogo wangu alinuna njia nzima, lakini kwa maoni yangu yeye ndiye aliyepata huduma kubwa zaidi siku ile.

Konea yangu mimi ilikuwa na unene wa mikroni 490 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Ya mtu wa kawaida huwa karibu 540. Kwenye LASIK, aina ya leza inayojulikana zaidi, hukatwa tabaka jembamba la juu, tuseme mikroni 110, linafunuliwa, leza inachonga chini yake, kisha linarudishwa. Kwa namba yangu leza ingechonga kama 85. Daktari alitoa hesabu mbele yangu kwenye karatasi: zinabaki 295. Kiwango cha chini kinachotajwa sana ni 250, na madaktari waangalifu wanapenda ibaki 300 au zaidi. Akanishauri PRK, aina nyingine ya leza ambayo haina kukata tabaka: wanaondoa ngozi laini ya juu kabisa, leza inachonga, na ngozi inaota upya. Ni njia ya zamani kuliko LASIK. Nchini Marekani iliidhinishwa mwaka 1995. Mwombe daktari wako akuonyeshe hesabu hiyo ya unene unaobaki. Asipotaka, tafuta mwingine.

Upasuaji wenyewe ni mfupi. Matone ya ganzi, kishikio cha kope, unakazia macho taa, unasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, na leza kwa kila jicho haifiki dakika moja.

Kupona ndiko kuna kazi. PRK inauma siku za mwanzo: macho yanachoma, machozi hayakatiki, mwanga hauvumiliki. Uoni wangu ulirudi polepole, wiki baada ya wiki, wakati wa LASIK wengi huona vizuri kesho yake. Nilikaa kwa shangazi Dar mpaka lenzi ya kufunika kidonda ilipotolewa. Halafu nikarudi Dodoma kwenye upepo wa Julai. Leza inakata mishipa midogo ya fahamu ya konea, hivyo machozi hupungua kwa miezi, na ukame wetu unaongeza. Kama unaweza kuchagua, nenda wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili, vumbi limetulia. Mimi kwenye bodaboda ya kwenda Mtumba nilivaa miwani inayofunika pembeni, na miwani ya jua kila mchana, kwa sababu baada ya PRK jua kali linaweza kuchangia ukungu kwenye konea. Wanja niliuacha. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe unayopewa baada ya upasuaji, usiyaongeze wala kuyakatisha mwenyewe, na upimwe presha ya macho ukiwa unayatumia kwani inaweza kupanda. Panga kabisa na daktari wa macho wa hapa Dodoma kabla hujasafiri.

Usiku bado naona duara za mwanga kwenye taa za malori barabara ya Morogoro. Zimepungua, hazijaisha.

Aliye chini ya miaka 18, mwenye namba inayobadilika bado, mjamzito au anayenyonyesha, asubiri. Aliyepita 40 ajue miwani ya kusomea ataihitaji tu, kwani leza haizuii lenzi ya ndani ya jicho kukakamaa.

Nililipa kutoka mfukoni. Kabla ya kulipa uliza kama bei inajumuisha matone, marudio, na marekebisho namba ikirudi. Na ondoka na nakala ya vipimo vyako vya kabla ya upasuaji, uitunze pamoja na vyeti: ukipata mtoto wa jicho uzeeni, daktari atavihitaji kukokotoa lenzi ya kukuwekea.