Mashine ya kugonga stempu: fundi alinitia hasira, na mashine yenyewe sijui niiweke wapi

Msinunue kwa yule muuzaji wa Dar. Naanza na hilo kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kuwaonea watu huruma. Mashine yenyewe nitaisema huko mbele, ina mazuri yake, lakini muuzaji na fundi wake, hapana.

Mimi niko masjala, kwenye ofisi ya chama cha akiba na mikopo hapa Tanga mjini. Wanachama wetu wengi ni watu wazima, wastaafu wa mashamba ya mkonge na walimu wa zamani, wametawanyika Muheza, Korogwe, Pangani, Lushoto mpaka Handeni. Wenye simu janja tunawatumia ujumbe. Lakini mzee wa Mlalo anayefungua sanduku lake la posta siku ya gulio anataka barua, aishike, aisome kwa nafasi yake, aiweke kwenye faili. Ni haki yake, na mimi kazi yangu ni kuhakikisha imemfikia. Zamani tulikuwa tunabandika stempu moja moja, kazi ya kutwa, na stempu za thamani fulani zikiisha unaanza kupiga hesabu za kuchanganya. Ndipo ofisi ikanunua mashine. Unaweka salio kwanza, unapitisha bahasha, inagonga thamani, tarehe na namba ya mashine kwa mara moja, na salio linapungua. Wiki za mwanzo nilikuwa naisifia kwa kila anayeingia ofisini.

Masika yakaja kutuumbua.

Barua zilikuwa za wito wa mkutano mkuu. Wito una siku zake kwa masharti ya chama, ukichelewa mwanachama ana haki ya kuupinga mkutano wenyewe. Tarishi wetu akapeleka fungu asubuhi, kabla ya saa sita karudi nalo. Dada wa kaunta kalikataa. Nikaenda mwenyewe nimevimba, nimejiandaa kugomba. Yule dada hakubishana nami hata kidogo. Alichomoa bahasha moja, akaweka kidole kwenye chapa, akaniuliza, "Mama, hii ni tatu au nane?" Sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi, na namshukuru kwa alivyonistahi mbele ya foleni ile.

Nikarudi ofisini nikazitandaza. Ya kwanza, tarehe imevutika, mwezi umeachana na mwaka. Ya pili imebanwa, tarakimu zimepandana. Ya tatu safi kabisa, unaweza kuitia kwenye fremu. Ya nne, nusu ya juu imehamia kulia na nusu ya chini imebaki palepale, namba ya mashine imekatika kiuno. Na kila moja ya hizo, nzuri na mbaya, salio limekatwa. Mashine haijui kama chapa imesomeka. Ikishagonga imegonga, hela ya wanachama imeondoka. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu salio lile ni michango ya watu wanaohesabu mia mia.

Basi tukampigia muuzaji. Simu haipokelewi, ikipokelewa "fundi yuko njiani". Hatimaye fundi akaja. Kaingia ofisini hajatoa salamu, Tanga hii, kuna watu wazima wamekaa pale kwenye benchi! Tukamwekea chai na mkate wa kumimina, hakugusa. Akafungua kifuniko, akatazama, akasema kichwa cha kuchapia kimekufa. Akaweka kipya, akapitisha bahasha moja, ikatoka vizuri, akaandika bili akaondoka. Haikufika hata wiki, balaa likarudi, tena mara hii zile nusu mbili zilikuwa mbali zaidi kuliko mwanzo. Kaja tena, kasema kichwa cha pili nacho kimeathirika. Tukalipa tena. Bado. Sasa akaanza kusema wino, halafu akahama kwenye wino akasema bahasha zetu za kaki ni za bei chee.

Nikamuuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, kama kichwa ndicho kibovu, mbona bahasha moja inatoka safi na inayofuata imevurugika? Kichwa si kilekile?" Akacheka. Mbele ya watoto wa mazoezi ya kazi akaniambia, "Mama, hii ni teknolojia, siyo cherehani."

Nimeandika mapitio haya yote kwa sababu ya sentensi hiyo. Mama yangu alitusomesha kwa cherehani, kibarazani Ngamiani, na mtu aliyewahi kukaa kwenye cherehani hata mwezi mmoja anajua kwamba sindano inaweza kuwa mpya kutoka dukani, lakini kitambaa kisipovutwa sawasawa mishono itatoka mirefu na mifupi. Jibu la tatizo letu lilikuwa mdomoni mwake mwenyewe, akalitumia kunidharau.

Aliyetuokoa ni binti anayetengeneza fotokopi na printa hapa hapa mjini. Aliingia, "Shikamoo mama," akasalimia na wazee wa benchi, ndipo akauliza swali ambalo yule wa Dar hakuliuliza kamwe: "Zile zilizoharibika mmezitunza?" Nilikuwa nimezitunza, zote, kwenye katoni. Akazipanga mezani kwa mfuatano zilivyotoka, akaomba rula. Akapima upana wa chapa kwenye kila bahasha. Chapa inayotakiwa kuwa na upana uleule siku zote ilikuwa inatofautiana kwa milimita kadhaa. Akaniita nisogee nione kwa macho yangu.

Akanieleza hivi. Kwenye mashine kama yetu kichwa hakitembei, kinachotembea ni bahasha. Kichwa kina matundu madogo sana yanayorusha wino. Tundu likiziba, utaona mstari mweupe ulionyooka, unaofuata njia ya bahasha, kwenye kila chapa na mahali palepale. Je, mstari huo upo? Haukuwepo. Kwa hiyo matundu yalikuwa mazima tangu siku ya kwanza. Chapa ikivutika au kubanwa, tena kwa bahasha hii na siyo ile, tatizo liko kwenye mwendo. Mashine inahesabu mzunguko wa rola, na kwa hesabu hiyo inajua lini irushe wino. Inaamini rola ikizunguka kiasi fulani basi bahasha nayo imesogea kiasi hichohicho. Bahasha ikiteleza, rola inazunguka, bahasha inabaki nyuma, na mashine inaendelea kuchapa juu ya pale ilipokwisha kuchapa. Ndiyo hizo tarakimu zilizopandana.

Na kwa nini iteleze? Akaingiza kidole chini ya rola, akakitoa kinanata. Brashi ya maji inayolowanisha gundi ya bahasha ilikuwa imejazwa kupita kiasi, maji yanachuruzika, yanachukua gundi, gundi inakwenda kukaa kwenye rola pamoja na vumbi la karatasi, raba inakuwa laini inang'aa. Ongeza unyevu wa Tanga wakati wa masika, bahasha zimekaa dirishani zimevimba na kujikunja kingo, nyingine zimeshajigandisha zenyewe. Akafuta rola kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, akapunguza maji, akatuambia bahasha zikae kwenye kabati lililofungwa, ndani ya pakiti zake, zitolewe za kazi ya siku hiyo tu.

Na zile nusu mbili kuzidi kuachana baada ya fundi kuja? Hapo ndipo damu ilipochemka upya. Mashine yetu ina vichwa viwili, kimoja juu, kimoja chini, na kila kimoja kinachapa nusu yake. Ukibadilisha kichwa lazima uvipatanishe: mashine inachapa mistari ya majaribio, unachagua pale mstari wa juu unapokutana na wa chini, unaingiza namba yake. Yule fundi alibadilisha vichwa viwili na hakupatanisha hata kimoja. Tulimlipa atuharibie zaidi.

Tena binti akabonyeza bonyeza kwenye menyu, ikatoka chapa isiyo na thamani. Ya majaribio. Haikati salio! Kumbe ipo, ilikuwemo muda wote, na yule bwana alikuwa anajaribu kwa bahasha zetu kwa hela halisi, moja baada ya nyingine, huku anatazama. Hakutuambia. Nashindwa kumsamehe kwa hili kuliko hata maneno yake.

Kuna na kile kisanduku cha vitone ambacho mashine za kisasa zinachapa pembeni. Nilidhani ni pambo, kumbe kimebeba taarifa za chapa, za kusomwa na kifaa. Pande zake mbili ni mstari mzima, na pande mbili zilizobaki ni vitone vya kupokezana, kimoja kipo, kimoja hakipo. Kisomeo kinatumia ile mistari mizima kujua kisanduku kimekaa vipi, na vile vitone vya kupokezana kuhesabia safu. Uchafu kidogo kinaweza kuuvumilia, kwa kuwa taarifa za ziada zimewekwa humo za kufidia palipofutika. Lakini safu zikivutika hapa na kubanwa pale, hesabu inapotea. Kwa hiyo chapa kukaa mahali pake siyo suala la urembo.

Binti hakuigusa ile sehemu yenye lakiri inayotunza salio. Alisema wazi haruhusiwi, hiyo ni ya wenye leseni. Niliheshimu sana hilo. Alitufundisha pia kutopitisha pini chini ya kichwa, na taarifa nene ya mwaka tuikunje ili upande wa chapa ubaki bapa, kwa sababu bahasha ikiwa na nundu, umbali kati ya kichwa na karatasi unabadilika na matone yanatua pembeni ya pale yalipolengwa.

Sasa niseme haki ya mashine. Baada ya hapo imetoka chapa ambayo sijawahi kuiona. Tarehe imesimama, tarakimu zimeachana kwa adabu, kona za kisanduku ni kali. Nilipitisha fungu la Lushoto lote nimesimama palepale, na kila iliyotoka nikaitazama. Dada wa kaunta akalipokea bila neno. Mzee mmoja aliyestaafu masjala, aliyefanya kazi na zile za kuzungusha kwa mkono, aliishika bahasha akaisogeza kwenye mwanga, akasema haina tofauti na za ngoma ya chuma. Zile za zamani ngoma yenyewe ndiyo iliyokuwa inaibana bahasha na kuigonga kwa mzunguko mmoja, hapakuwa na hesabu ya kukisia. Sifa hiyo kutoka kwake ni kubwa. Kwa siku mbili tatu nilikuwa tayari kumwambia kila mtu anunue.

Lakini nikitulia nafikiria: mashine hizi si ngeni duniani. Arthur Pitney wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1902, na posta ya kwao ikaruhusu mashine aliyoitoa pamoja na Walter Bowes mwaka 1920. Zaidi ya miaka mia. Inakuwaje leo mtu auze kitu hiki mkoani na asiache hata karatasi moja ya Kiswahili inayosema futa rola, usijaze maji, jaribu bila thamani? Mambo hayo matatu yangeokoa fungu zima la barua. Kuna wazee wa Handeni walioupata wito mkutano umeshapita. Nani atawalipa hao?

Zile bahasha zilizoharibika bado ziko kwenye katoni. Posta za Uingereza na Marekani zina utaratibu wa kurudisha thamani ya chapa zilizoharibika ukiziwasilisha, nami nimeandika barua kuulizia huku kwetu inakuwaje. Na muuzaji nimemwandikia anirudishie fedha za vichwa viwili ambavyo havikuhitajika, nimeambatisha picha za vipimo vya rula.

Meneja ananiuliza tununue ya pili kwa ajili ya tawi la Korogwe. Juzi nilimwambia ndiyo, mashine ni nzuri, binti yupo, tutajua kuitunza. Leo asubuhi imefika ankara kutoka kwa muuzaji: ametutoza mpaka nauli ya safari ile fundi wake aliyokuja kunitukania. Nimerudi kwa meneja nikamwambia asubiri.