Riadha katika shule ya misheni Tabora: tathmini ya mzazi

Binti yangu anamaliza kidato cha tatu katika shule ya bweni inayomilikiwa na kanisa, nje kidogo ya mji wa Tabora. Jina la shule silitaji, kwa kuwa bado anasoma hapo na baadhi ya ninayoyaandika si ya kuisifu. Kipeperushi chao kinaahidi kumlea mtoto kiakili, kiroho na kimwili, ahadi ambayo karibu kila shule ya kanisa huitoa. La kwanza hupimwa na Baraza la Mitihani, la pili mzazi huliona kwenye ibada ya siku ya kutembelea, lakini la tatu hakuna anayelikagua. Nimelikagua mimi, kwa sababu ndiye ninayepeleka mikate shuleni hapo kila Ijumaa saa kumi jioni, saa ya michezo, na gari likishapakuliwa huwa sina haraka ya kuondoka.

Uwanja ni wa kawaida kabisa. Ni kichanga kinachochosha miguu, wenye miembe upande mmoja, na njia za kukimbilia huchorwa kwa majivu ya jikoni ambayo mvua za Novemba huyafuta mara tu zinapoanza. Mzunguko mmoja haufiki mita 400, hivyo mbio za mita 1500 huhesabiwa kwa mizunguko na vipande vya mizunguko ambavyo nadhani mwalimu peke yake ndiye anayevielewa. Tufe lipo moja. Wasichana wanaruhusiwa bukta ndefu badala ya sketi, jambo ambalo si kila shule ya dini hulikubali, na raba kila mzazi hujinunulia; za binti yangu ni za mtumba kutoka Soko Kuu na zimedumu mwaka wa pili sasa.

Kinachoifanya huduma hii istahili fedha zetu ni mwalimu wa michezo. Jioni niliyoanza kumwelewa, wasichana wa kidato cha kwanza walikuwa wakikimbia mita 800. Wa kwanza alimaliza, wenzake wakafuata, akabaki mmoja nyuma kwa zaidi ya nusu mzunguko, mkono kiunoni, akitembea zaidi ya kukimbia, na watazamaji walikwisha kuanza kuinuka. Mwalimu hakuizima saa. Alimngoja kwenye mstari wa majivu, akamsomea dakika zake kwa sauti ileile aliyomsomea mshindi, kisha akaziandika katika daftari kubwa, pembeni ya dakika za mwezi uliotangulia. Msichana yule alikuwa amepunguza sekunde 11. Mtanzania yeyote angekuwapo pale angemkumbuka John Stephen Akhwari, aliyeumia katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 lakini akaimaliza akiwa wa mwisho, lakini mwalimu hakumtaja Akhwari wala hakuhubiri; alipuliza filimbi akaita kundi linalofuata.

Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, watu ambao michezo ya Isthmia ilifanyika jirani na mji wao, alisema kwamba wote hupiga mbio lakini tuzo hupokewa na mmoja, na mahubiri mengi ya siku ya michezo huishia hapo. Yeye mwenyewe hakuishia hapo, bali aliendelea hadi kwenye kuutesa mwili wake na kuutumikisha. Daftari lile linaifundisha sehemu hiyo ya pili, na kwa mtoto ambaye hatapata medali maishani sehemu hiyo ndiyo yenye faida.

Si kila mtu shuleni hapo ana busara ya mwalimu huyu. Mwaka jana, katika mashindano ya mabweni, msichana mmoja wa bweni lililoshinda mbio za kupokezana vijiti alimwendea mwalimu akakiri kwamba alikipokea kijiti nje ya eneo la kupokezana. Hakuna mwamuzi aliyeona, na alama za majivu zilikuwa zimeshakanyagwa. Mwalimu alifuta matokeo, akampa mkono, jambo likaisha. Jumapili yake msichana huyo akasimamishwa kanisani mbele ya shule nzima awe mfano wa uaminifu, bila mtu kumwuliza kama anataka, na kwa maelezo ya binti yangu wenzake bwenini hawakumsemesha karibu wiki nzima. Uwanjani ukweli wake ulipokewa kama ukweli. Ulipohamishiwa kanisani ukageuka adhabu.

Kasoro kubwa kuliko hiyo iko kwenye ratiba. Timu inayojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari nchini, hufanya mazoezi Jumamosi asubuhi, na wanafunzi Wasabato, ambao shule huwapokea na kuwatoza ada sawasawa na wengine, huandikwa kwamba hawakufika, na anayekosa mara tatu huondolewa kwenye timu. Wakati huohuo, kisa kinachopendwa kuliko vyote katika ibada za asubuhi ni cha Eric Liddell, Mskochi aliyekataa kukimbia mita 100 katika Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo wake uliangukia Jumapili, kisha akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6, na baadaye akawa mmisionari China, alikofia mwaka 1945 katika kambi ya mateka ya Wajapani. Watoto wanakijua kisa hicho kwa moyo. Niliuliza katika kikao cha wazazi kwa nini siku ya ibada ya Liddell ni ya kusimuliwa na siku ya ibada ya binti wa jirani yangu wa Ipuli ni ya kumpotezea nafasi, nikajibiwa kwamba suala hilo litafikishwa kwenye bodi. Mwaka umepita na mazoezi yangali Jumamosi.

Nikiulizwa na mzazi mwenzangu, namwambia ampeleke mtoto, hasa mtoto asiye mwepesi wa mbio, ila aulize kwanza kuhusu Jumamosi na kuhusu kidato cha nne. Kidato hicho huondolewa kabisa uwanjani tangu Januari ili kujiandaa kwa mtihani wa Novemba, na saa ya michezo huwa ya kujisomea. Fomu ya malipo ya mwakani nimekwisha kuipokea: mchango wa michezo, shilingi 30,000, umo kama kawaida.