Flashi ya Windows kama kifaa cha ukarabati: uzoefu wangu Mtwara

Kabla hujakubali kompyuta "ipigwe Windows" upya, jaribu flashi inayotengenezwa na Media Creation Tool ya Microsoft. Programu ni bure. Unachohitaji ni flashi ya GB 8, bando la GB 5 au zaidi kidogo, na kompyuta nyingine nzima ya kuitengenezea. Wengi huijua kwa kusakinisha tu. Mimi naithamini zaidi kwa vifaa vya ukarabati vilivyomo ndani.

Huku kwetu kesi hizi huongezeka msimu wa korosho, kompyuta za vyama vya msingi zikiwashwa kutwa bila UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika. Umeme ukikatika Windows ikiwa inajisasisha, faili za kuwashia huharibika, na kioo huleta "BOOTMGR is missing" au namba 0xc000000f. Mara nyingi data bado zipo. Kilichopotea ni maelekezo ya wapi Windows ilipo. Ukifomati, hesabu za wakulima nazo zinaondoka.

Anza na BIOS, ukurasa wa mipangilio ya kompyuta unaofunguka kabla ya Windows. Diski isipoonekana, flashi haikusaidii: kaza au badili waya wa SATA unaounganisha diski na kompyuta, na angalia kutu kwenye meno yake, maana hewa ya pwani ina chumvi. Angalia pia betri ya CR2032, ile bapa inayotunza mipangilio ya BIOS. Ikiisha, mipangilio hurudi ya kiwandani, na mashine ya UEFI (njia mpya ya kuwasha) ikijikuta kwenye Legacy (njia ya zamani) itadai haina mfumo wakati hakuna faili hata moja iliyopotea.

Diski ikionekana, washa kwa flashi: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP. Kwenye ukurasa wa lugha bonyeza Shift+F10, litafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri.

Okoa data kwanza. Andika notepad, nenda File, Open, chagua All Files. Ndani ya kidirisha hicho unaweza kukopi mafolda kwenda flashi nyingine. Hapohapo tazama Windows iko herufi gani, kwa sababu C uliyoizoea inaweza kuitwa D.

Startup Repair, kifaa cha flashi kinachojaribu kurekebisha chenyewe, ijaribu, ila usiitegemee. Amri ya bootrec /fixboot inayosambazwa kila mahali mara nyingi hugoma kwenye mashine za UEFI kwa "Access is denied". Ninayoiamini ni hii:

diskpart
list vol
sel vol 3
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Namba 3 ni mfano, na C iwe ile herufi uliyoiona. Chagua sehemu iliyoandikwa FAT32 (aina ya mpangilio wa faili) yenye MB 100 hadi 260 hivi, na usiichanganye na flashi yenyewe, nayo ni FAT32. Ukiona "Boot files successfully created", chomoa flashi, washa. Mashine kongwe za MBR, mpangilio wa diski wa zamani, zinataka bootrec /fixmbr, kisha bootrec /rebuildbcd.

Nembo ikitokea halafu kioo kikawa cha bluu, huenda zilizoharibika ni faili za mfumo wenyewe:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Kwa hii, flashi iwe ya toleo lilelile la Windows. Kwa bcdboot si lazima, maana faili inazitoa kwenye folda ya Windows iliyo kwenye diski. Kwa hiyo flashi ya Windows 11 hufufua hata mashine ya mtumba ya Windows 10 isiyo na TPM 2.0, chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11, ingawa Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na bando, pamoja na kile kitufe cha Startup Repair kinachozunguka muda mrefu bila kusema kimekwama wapi. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda data, tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kugusa chochote. Bila huo hata notepad haitakuonyesha faili.