Nimelipa kutafutiwa aluru wa porini karibu na Yala, na sijutii

Mimi ni wa Siaya, aluru, yaani kware kwa Kijaluo, nimekula tangu nikiwa mtoto, lakini ungeniuliza ni kware gani hasa ningekujibu tu kware ni kware. Sasa mwezi wa tano nikalipia matembezi ya ndege na kijana mmoja mwongozaji wa huku kwetu, 1,500 kwa kichwa asubuhi nzima, na hiyo pesa ilienda mahali pake kabisa.

Nilichompendea hakukimbilia ndege, alianza na nyasi. Akasema msiwatafute kwenye matete ya kinamasi wala vichakani, hawa wanataka nyasi wazi na mashamba ya mtama na wimbi, wanakuja na mvua nyasi zikistawi, zikikauka wanahama. Tukasimama kimya kando ya shamba lililolazwa, dume akaanza, wit-wit-wit, kavu na ya haraka, yuko hatua kumi tu na humuoni! Karibu nusu saa ndo akatokea kwenye kijia: kifua cheusi, mbavu rangi ya kutu, koo jeupe limechorwa kitu cheusi kama nanga. Huyo ndiye aluru wetu wa porini, kwa jina la kisayansi Coturnix delegorguei. Jike wake ni kahawia kahawia, ukimwona peke yake utapata shida. Nikamkumbuka babu na vizimba vyake juu ya mti mrefu, aluru ndani akiita wenzake, yaani nilitoka machozi.

Na wale tuliofuga 2013 watu wakigombania mayai ni kware wa Japani, aina tofauti kabisa. Halafu kuna kandege kengine karuka miguuni pangu nikapiga kelele kware! kumbe siye, hako kana vidole vitatu tu, cha nyuma hakuna, na kwao jike ndo mwenye rangi kali, dume ndo analalia mayai. Hilo peke yake lilitosha nauli yangu.

Mahali pa kurekebisha: tulikua watu sita na darubini moja, na tulianza saa moja na nusu wakati dume huita zaidi alfajiri. Nilimwambia, akakubali bila kununa.

Nyota nne. Nendeni mvua zikiwa zimekolea, vaeni gambuti, na mwambieni mapema mnataka kuanza saa kumi na mbili.