Atelie ya karibu na bandari ya Kituku, Goma, yenye ilinikalishia motere kubwa mu boti: nawapa 4 juu ya 5

Ndugu zangu wenye boti, naandika hii juu watu wameshaniuliza sana ile motere mpya nilikalishia wapi, na kila mara naeleza haraka haraka ku bwari nusu inabaki. Leo naeleza yote.

Boti yetu ni ya mbao, mita 11, inapigaka Goma na kisiwa cha Idjwi, mananasi, ndizi, na wamama wa soko. Motere ya zamani ilikuwa ya mazutu, silinda mbili, farasi 20. Mujue ziwa letu la Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, motere yenye haina turbo inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu yake, kwa hiyo ile 20 ilikuwa inatupa 17 tu, upepo wa mchana ukianza tunaona kisiwa kiko pale pale hakisogei. Tukanunua silinda nne, farasi 48, okazyo (ilishatumika), na inverseri yake (giaboksi ya kwenda mbele na nyuma).

Kununua haikuwa shida. Shida ni kukalisha. Mu boti kuko zile mbao mbili nene zenye zinapita chini kwa urefu, longero, njo motere inakalia. Zetu ziko sm 40 kati kwa kati na unene wa sm 8. Miguu ya motere mpya iko sm 52 kati kwa kati. Piga hesabu: kila mguu unaangukia sm 2 nje ya mbao, hewani kabisa.

Fundi wa kwanza (simtaji) alitaka kukata longero azisogeze nje. Nilikataa, juu zile mbao hazibebi motere peke yake, zinashika na tumbo lote la boti, ukizikata bila kuzifunga upya boti inaanza kujikunja ku mawimbi. Basi akasude (akachomelea) vipande vya toli (bati nene ya chuma) ya milimita 6 vitoke nje kama vidole, bila kitu cha kuvishika chini, halafu silambloki, ile miguu ya mpira, akaweka za Hiace. Wiki ya tatu, karibu na Idjwi, kidole kimoja kilipasuka. Motere ililala upande, shafti, ile chuma ndefu ya kuzungusha helisi, ikaanza kupiga kelele, maji yakaingia ku presetupe (pale shafti inatokea nje, penye panazuia maji), na tulikuwa na watu 14 ndani. Mama mmoja alikuwa ananishika mkono anasema « papa, tufikishe ku nchi kavu tu ». Tangu ile boti ilizama mbele ya Kituku tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, watu wakiangalia toka ku bwari, kitu kama hiyo huwezi tena kusema ni bahati mbaya tu. Tulivutwa na boti ingine mpaka Goma.

Njo hapo yaya yangu akanipeleka ku hii atelie. Iko nyuma ya njia ya kushuka Kituku, mlango wa bati ya bluu, uliza mzee sudere wa maboti watakuonyesha.

Chenye nilipenda: siku ya kwanza hakugusa poste ya kusude. Alitoa motere ya zamani na shafti, akapitisha uzi mu tundu ya shafti toka nyuma mpaka mbele, akauvuta mpaka unyooke kabisa, halafu akatengeneza kwa mbao umbo la motere mpya: miguu iko wapi, kople (pale inverseri inafungwa ku shafti) iko wapi, karteri (tumbo la mafuta la motere) inashuka mpaka wapi. Ile umbo akaiweka ku uzi. Hapo njo tuliona kama miguu inapaswa kupanda sm 6 juu ya longero. Mimi nilikuwa nafikiri itashuka! Bila ule uzi tungesude yote halafu tukate tena.

Kiisha akatengeneza korniere (vyuma vya pembe) nne za toli ya milimita 10. Upande mmoja unashuka ku ubavu wa nje wa longero, umefungwa na bulo (bolti) tatu zenye zinapita mbao yote mpaka upande wa pili, kule akaweka sahani ya chuma ili ekru (nati) isizame ndani ya mbao. Juu kuko rafu ya kukalia silambloki, na chini ya rafu akasude pembetatu mbili za kuishika. Zile pembetatu njo zilikosekana kwa fundi wa kwanza. Tundu za bulo za silambloki hakuzifanya duara, alizifanya ndefu kidogo, ili motere isogezwe kushoto na kuume wakati wa kupima.

Silambloki ni habari ingine, na hapa nilijifunza sana. Helisi (panga la nyuma mu maji) inasukuma shafti, shafti inasukuma inverseri, na kwetu mwisho wa ule msukumo wote ni zile mpira. Za gari hazikutengenezwa kusukumwa hivyo mbele na nyuma siku nzima, njo maana za Hiace zilikuwa zinajikunja. Alipima motere na mzani, mbele kilo 110, nyuma pamoja na inverseri 150, akachagua za nyuma ngumu kuliko za mbele. Laini sana motere inacheza na kuvunja presetupe, ngumu sana mutetemo wote unaingia mu mbao. Tena akasema ekru ya katikati usiipandishe mpaka juu ya mti wake wa chuma, ukikosa urefu ongeza kipande cha chuma chini. Juu ya kila moja akaweka kikofia cha bati, juu mazutu ikidondoka inakula mpira.

Kupima kople alitumia yale majani ya chuma ya kupimia vali, juu, chini, kushoto, kuume. Sheria yake ni milimita 0.1 kwa kila milimita 100 za upana wa kople, isizidi. Ku nchi kavu ilikuwa sawa kabisa. Lakini hakufunga kazi. Tulishusha boti, tukangoja siku mbili mbao inywe maji ikae vizuri, akaja na mtumbwi akapima tena: milimita 0.4! Akarekebisha pale pale juu ya maji. Kisha masaa 20 ya kazi akarudi mara ya tatu, juu mpira mpya unashuka kidogo.

Sasa mabaya. Alisema siku 5, zikawa 12, na kila siku boti ikilala ni hasara. Mpira wa mbele kushoto ulishuka milimita 4 kuliko mwenzake, haukuwa wa ugumu ule ule. Aliubadilisha bila malipo ila transpo toka Kampala nililipa mimi, na hiyo sikubali mpaka leo. Hatoi karatasi yoyote, vipimo viko mu kichwa chake. Na korniere hazikupakwa rangi upande wa ndani, nililazimika kufungua na kupaka mwenyewe.

Bei: dola 420 kazi na chuma, silambloki nne dola 240. Helisi hafanyi, na motere ikibadilika helisi lazima ibadilike, kwa hiyo panga hiyo pembeni. Unene wa shafti pia uliza mbele, yetu ilitosha.

Kitu kimoja aliniambia kabla ya kunirudishia boti, akiwa ameshika ubavu wake: « Patro, motere imekuwa kubwa, boti haikukua ». Tumeongeza kilo 100 na zaidi ya chuma, kwa hiyo tumetoa mifuko miwili ya mzigo, na abiria wamebaki 14 kama mbele. Idjwi sasa tunafika dakika 40 mbele ya zamani, na kikombe cha chai juu ya kifuniko cha motere hakimwagiki.